Litungu Halina Umri Mmoja

Ukimuuliza mpigaji wa Kikurya litungu lake lina miaka mingapi, huenda naye akakuuliza: unataka umri wa sehemu ipi? Bakuli la mti pengine lilichongwa kabla baba yake hajatahiriwa. Ngozi iliyolifunika bakuli hilo ilivishwa juzijuzi, baada ya ile ya kwanza kupasuka na ya pili kuliwa na panya. Nyuzi nane zilibadilishwa mwezi uliopita, wiki moja kabla ya harusi. Hata hivyo atakwambia bila kusita kwamba hilo ni litungu la babu yake, na hatakuwa amekudanganya.

Ndani ya makumbusho sentensi hiyo huzua kazi. Anayeandika kadi ya maelezo anatakiwa aweke mwaka mmoja. Anayelitengeneza kwa ajili ya maonyesho anatakiwa aamue ni litungu la mwaka gani analolirudisha: lile la siku lilipotoka mikononi mwa fundi, lile lililopigwa miaka ya katikati, au hili lililofika mezani likiwa na vumbi na viraka. Swali hili nililijua vitabuni tu, mpaka lilipoingia katika ukoo wetu likiwa na bei.

Mtu mmoja mwenye kambi ya watalii upande wa wilaya ya Serengeti alikuwa anaandaa chumba cha maonyesho ya utamaduni wa mkoa wa Mara. Akasikia kwamba kwetu Tarime kuna litungu la zamani. Alimpigia simu baba yangu mdogo, akataja kiasi cha fedha ambacho kingelipa ada ya chuo ya binamu yangu kwa mwaka mzima, kisha akaweka sharti. Litungu litengenezwe kwanza, liwe la kale. Nyuzi za nailoni zitoke, zirudi za kano. Bati lililoziba ufa liondolewe. Waya uliofunga mkono mmoja ung'olewe. Ngozi ya ng'ombe ibadilishwe, na ikipatikana ya mnyama wa porini, bei itapanda.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akaaga kwa adabu, akanikabidhi mimi jibu. "Wewe ndiye uliyesoma historia," aliniambia. "Tuambie basi. Akishalifanya hayo yote, litakuwa bado la babu yako, au litakuwa lake?"

Niliomba muda. Haya ndiyo niliyoyasoma, niliyoyaona na niliyomjibu.

Nianze na ala yenyewe, kwa kuwa wengi wa rika langu tumeisikia kwenye simu kuliko tulivyoiona. Litungu, kwa Kikurya iritungu, ni ala ya jamii ya vinubi. Lina bakuli kubwa la mti uliochimbwa, ngozi juu yake, mikono miwili inayochomoza, na mti wa kulala unaoiunganisha mikono hiyo kwa juu. Nyuzi nane hufungwa chini ya bakuli, hupita juu ya kijiti kilichokaa kwenye ngozi, kisha huviringishwa kwenye mti wa juu. Mpigaji huketi na kudonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba: sifa za watu, masimulizi ya koo, kejeli kwa wanaostahili. Sauti yake ni nzito na ina mvumo wa kukwaruza. Mgeni hudhani kuna kitu kimelegea mahali. Hakuna kilicholegea, mkwaruzo huo ndio unaotakiwa.

La kwetu nililiweka juani uani, nikaliangalia kwa saa mbili nikiwa na daftari. Bakuli lina ufa unaoanzia ukingoni, urefu wa kiganja. Juu ya ufa kuna kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo, kimeshikiliwa kwa misumari midogo. Mkono wa kushoto umevunjika zamani na kufungwa kwa waya, mizunguko kumi na moja, kwa uangalifu mkubwa. Ngozi ni ya ng'ombe, imechakaa na kung'aa pale kiganja kilipokuwa kinapumzika. Nyuzi ni za nailoni, za aina ile ile wanayotumia wavuvi.

Mwenye kambi aliyaona haya yote kama uchafu wa kuondolewa. Mimi nilianza kuyaona kama maandishi. Chukua nailoni. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za wanyama, na kano hubadilika kadiri hewa inavyobadilika. Mpigaji aliyelikaza litungu lake asubuhi ya jua alilazimika kulikaza upya mvua ilipoanza. Miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia Ziwa Victoria na kuubadilisha uvuvi wote wa ziwa hilo. Uzi huo huo, usiooza na usiojali unyevu, ukapanda kutoka mwaloni hadi milimani. Mpigaji aliyeuchukua hakuwa anausaliti utamaduni wake. Alitaka uzi usiomwaibisha katikati ya harusi. Ukiung'oa uzi huo ili litungu lionekane la kale, unafuta ushahidi kwamba Wakurya waliokuwa wakipiga litungu walikuwa pia wakinunua, wakijaribu na wakichagua.

Bati na waya vina maneno yao pia. Vinasema kuna mtu aliyeliona litungu limepasuka akakataa kulitupa.

Hatari ya kuirudisha ala katika "ukale" wake imeshaonekana mahali pengine, mbali sana na Tarime. Kusini mwa Iraki, katika mji wa kale wa Ur, Mwingereza Leonard Woolley aliongoza uchimbaji kuanzia mwaka 1922 hadi 1934. Katika makaburi ya kifalme yenye umri wa miaka ipatayo 4,500 alikuta mabaki ya vinubi vya umbo lile lile la msingi la litungu: kasha la sauti, mikono miwili, mti wa juu. Mbao zote zilikuwa zimeoza. Kilichobaki ni mapambo ya dhahabu, fedha na vito, pamoja na mashimo matupu ardhini pale mbao zilipokuwa. Woolley alifanya jambo la akili: alimimina plasta laini ndani ya mashimo hayo, akasubiri ikauke, na umbo la ala likatoka udongoni.

Lakini umbo si ala nzima. Vipande vilivyotoka katika kaburi la Malkia Puabi viliunganishwa kana kwamba ni vya ala moja. Baadaye ilionekana kwamba vilikuwa vya ala mbili tofauti zilizolala pamoja kaburini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi hiyo ikafanywa upya. Maana yake ni kwamba kwa miongo kadhaa wageni wa British Museum jijini London walikuwa wakitazama kinubi ambacho hakuna mwanadamu aliyewahi kukipiga. Kinubi kingine cha Ur, kile cha dhahabu kilichobaki Baghdad, kilivunjwa wakati makumbusho ya taifa ya Iraki yalipoporwa Aprili 2003.

Simcheki Woolley. Alikosa kitu kimoja tu ambacho plasta haikuweza kumpa: mpigaji wa kumuuliza. Sisi tunaye. Ala za jamii hii zilienea Mesopotamia, Misri na Ugiriki ya kale, lakini leo zinapigwa hasa upande wetu wa dunia. Waethiopia wana krar na begena, Waganda wana endongo, Wajaluo wana nyatiti, Wakisii wana obokano kubwa yenye nyuzi nane, Wabukusu wana litungu lao la nyuzi saba. Wakurya wenyewe wamekaa pande mbili za mpaka, kwa sababu mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria bila kuuliza nani anaishi chini ya wino. Mtu anayeshuka gari Sirari anaweza kusikia litungu la upande wa Isebania na lisimwonekee geni.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu baba mdogo nilikwenda kwanza kwa wazee wawili wanaopiga. Niliwauliza swali moja: ukibadilisha nini, litungu linaacha kuwa lile lile? Wote wawili, kila mmoja kwake na bila kushauriana, waligusa bakuli. Ngozi hubadilishwa, walisema. Nyuzi hubadilishwa. Hata mkono ukivunjika unawekwa mwingine. Lakini bakuli likifa, unaomba jingine. Mmoja akaongeza neno ambalo sikulitegemea: "Na ukiliacha miaka mingi bila kulipiga, hapo pia limekufa, hata kama ni zima."

Neno hilo linagongana moja kwa moja na kanuni za makumbusho. Karne ya 19, wakusanyaji wa Ulaya walipopata kinanda cha zamani walikitengeneza ili kilie. Walitoa ubao wa sauti uliopinda wakaweka mpya, wakabadilisha nyuzi, wakapaka vanishi. Vinanda vililia, lakini alama za mafundi wa kwanza zikapotea, na leo mtu anayetaka kujua ubao wa awali ulikuwa na unene gani hana pa kupima. Kutokana na hasara za namna hiyo, wahifadhi wa karne ya 20 walijiwekea kanuni mpya: fanya kidogo iwezekanavyo, kila unachokiongeza kiweze kutolewa bila madhara, andika kila ulichofanya. Mwaka 1960 iliundwa CIMCIM, kamati ya kimataifa ya makumbusho ya ala za muziki, na mwaka 1985 ilitoa mapendekezo kuhusu nani aruhusiwe kuzigusa na kuzipiga ala za makumbusho, na kwa masharti gani. Mkanada Robert Barclay, mhifadhi ambaye mwenyewe hutengeneza tarumbeta, alitoa kitabu kizima mwaka 2004 kuhusu mvutano huu: kuitumia ala huila, na kuihifadhi huinyamazisha.

Kanuni hizo si urasimu mtupu. Zina sababu unazoweza kuzigusa kwa mkono. Nyuzi nane zilizokazwa zinauvuta mti wa juu kuelekea bakuli usiku na mchana, hata kama hakuna anayepiga. Ngozi nayo, iliyovishwa ikiwa mbichi na kukaukia hapo, inaubana ukingo wa bakuli. Mti mkavu hauna pa kukimbilia, unapasuka kufuata uzi wake. Sasa lihamishe litungu hilo. Tarime ya milimani ina mvua na ubaridi. Ukishuka kwa barabara ya Nyamongo, ukavuka Mto Mara kuelekea Mugumu na mbuga, hewa inakauka. Makumbusho makubwa hujitahidi kubakiza unyevu wa hewa katikati, asilimia 45 hadi 55, na zaidi ya hapo huogopa mabadiliko ya ghafla. Chumba cha maonyesho cha kambi kina dirisha kubwa la kuelekea magharibi ili wageni waone machweo. Litungu la mlimani likikaa mbele ya dirisha hilo kwa kiangazi kimoja, ufa wa kiganja utakuwa wa mkono mzima, hasa kama lile bati linaloushikilia limeondolewa kwa ajili ya urembo.

Kuna pia wadudu. Wapo wanaotoboa mbao na kuacha unga mwembamba chini ya bakuli, na wapo wanaokula ngozi. Jirani alishauri tulipulizie dawa ya ng'ombe. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yalipita njia hiyo kabla yetu: kwa vizazi kadhaa yalitumia aseniki na zebaki, baadaye DDT, na leo baadhi ya vitu walivyovikusanya kwetu haviwezi kushikwa bila glavu. Siku vitakaporudishwa, mjukuu wa mwenye kitu hataweza kukipakata. Njia ya siku hizi haina sumu. Kitu hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifurushi vinavyonyonya oksijeni, kikakaa humo wiki kadhaa mpaka wadudu na mayai yao wafe kwa kukosa pumzi. Kwa kitu kidogo kisicho na mkazo, friza ya nyuzi hasi 20 kwa wiki moja au mbili hufanya kazi hiyo, lakini ngozi iliyokazwa juu ya mti si kitu cha kugandisha.

Likabaki suala la ngozi ya mnyama wa porini. Hapa historia ya wilaya ya Serengeti inaingia yenyewe, bila kualikwa. Waikoma, Wanata na jirani zao waliishi kwa kilimo, mifugo na uwindaji muda mrefu kabla neno "hifadhi" halijawa na mipaka. Mwaka 1951 Serengeti ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, na hatua kwa hatua mnyama aliyekuwa chakula, ngozi na kano akawa mali ya Serikali. Leo, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009, ngozi, pembe na hata kano za mnyamapori ni nyara, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo sharti la mwenye kambi lilikuwa na ukatili ambao sidhani aliuwaza. Alitaka ala yetu ivishwe ngozi ambayo kijana wa Robanda angeweza kufungwa kwa kuwa nayo, ili mgeni aliyelipa kuingia hifadhini aone "asili". Na litungu letu, kwa kadiri ya kumbukumbu ya ukoo, limevaa ngozi ya ng'ombe siku zote. Sisi ni wafugaji.

Nilipofika hapo nilikuwa na sababu nyingi za kukataa, lakini kukataa si mpango. Ada ya binamu ilikuwa bado pale pale, na litungu lilikuwa bado limetundikwa chumba cha nyuma likisubiri panya. Nikageukia makumbusho ya jirani zetu kuona waliofanya vizuri zaidi walifanya nini.

Mfano ulionishika zaidi uko Kampala. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1957 Makumbusho ya Uganda yaliongozwa na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Berlin. Alizunguka Uganda akirekodi wanamuziki, akakusanya ala zao, lakini hakuridhika kuzifungia kwenye kioo. Aliwaleta wapigaji makumbusho ili wageni wasikie kile wanachokiona. Kwa hiyo ala ilikuwa na mambo matatu pamoja: umbo lake, sauti yake kwenye rekodi, na mtu anayejua kuipiga.

Mfano wa pili ni wa majuzi. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza bigwala, muziki wa baragumu za vibuyu wa Wasoga, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Walikuwa wamebaki wazee wanne tu waliokuwa na ujuzi kamili wa kuzitengeneza, kuzipiga na kuzicheza. Waliojitosa kuiokoa walikuta kwamba hata aina ya vibuyu vinavyofaa ilikuwa imekaribia kutoweka mashambani. Kazi ya uhifadhi ikaanza kwa mbegu. Walipanda vibuyu, wakasubiri vikomae, ndipo vijana wakaanza kujifunza kupuliza.

Karibu zaidi na sisi, Bujora nje kidogo ya Mwanza, kuna Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, na humo zimetunzwa ngoma za watemi. Hapo hapo Bujora pia hupigwa ngoma na kuchezwa, kwa hiyo ngoma ya mtemi iliyostaafu inasikia wajukuu zake. Katika mkoa wetu wa Mara tuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Ni hazina, lakini kwa sehemu kubwa yanamweleza mtu mmoja na uongozi wake. Ala ya Mkurya wa kawaida, isiyo na mtemi wala rais nyuma yake, mara nyingi hubaki mikononi mwa familia, na familia hubaki na mtu anayepiga simu akiwa na bei.

Kuna mfano wa nne, nao ni wa onyo. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza walichukua ngadji, ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana nchini Kenya. Ikafika British Museum, ikawekwa stoo. Kwa upande wa mti na ngozi imetunzwa vizuri. Lakini Wapokomo waliopewa nafasi ya kuiona, zaidi ya miaka mia moja baadaye, walikwenda London kutazama kitu ambacho wazee wao walikuwa wakikisikia kabla ya kukiona.

Basi hili ndilo jibu nililompa baba mdogo. Nilimwambia litungu la babu halihitaji kufanywa la kale, linahitaji lisiharibike zaidi. Nilimwambia pia kwamba kambi haihitaji litungu la kale, inahitaji litungu linalolia. Hizo ni kazi mbili, na kulilazimisha litungu moja lizifanye zote ni kulimaliza.

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ada?"

Hapo sikuwa na jibu zuri. Tulipendekeza kwa mwenye kambi litungu jipya, lililotengenezwa Tarime na fundi anayejulikana, kwa mti halali, ngozi ya ng'ombe na nyuzi za nailoni. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, na sehemu kubwa ilikuwa haki ya fundi. Mwenye kambi alilalamika kwamba litaonekana jipya. Baba mdogo alimjibu kwamba litaonekana jipya kwa kuwa ni jipya, na kwamba asithubutu kulipaka dawa ya viatu kama wanavyofanya wauza vinyago. Walicheka wote wawili, biashara ikafanyika. Ada ililipwa nusu kutoka huko na nusu kwa kuuza ndama.

La babu lilibaki nyumbani. Kabla ya kuligusa, mmoja wa wale wazee wawili alikuja akalikaza polepole, uzi mmoja mmoja, akalipiga kwa muda wa kama dakika ishirini. Tulirekodi sauti na picha, tukaandika majina ya nyimbo na nani alikuwa akiziimba zamani. Kisha yeye mwenyewe akazilegeza nyuzi, si kuzitoa, ziendelee kukishikilia kijiti mahali pake bila kuuvuta mti. Vumbi tuliliondoa kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika. Hatukupaka mafuta wala vanishi. Bati na waya viko pale pale. Tulilifunga na vifurushi vya kunyonya oksijeni, kisha likahamia chumba cha mbele, ukuta usiopigwa na jua, juu kuliko panya anavyofika. Ndani ya bahasha iliyo kando yake kuna karatasi yenye umri wa kila sehemu kwa kadiri wazee walivyokumbuka: bakuli, mikono, ngozi, bati, nailoni. Miaka mitano tofauti kwa ala moja.

Katika makubaliano na kambi tuliongeza kifungu kimoja ambacho ninakipendekeza kwa yeyote anayeandaa maonyesho ya aina hii Tarime, Serengeti au kwingineko. Litungu jipya lisiwekwe kwenye kioo. Wageni wa kambi, na hasa watoto wa shule za vijiji vya jirani, waruhusiwe kulidonoa. Litachakaa, ndiyo. Nyuzi zitakatika kabla ya mwaka kwisha na ngozi itapasuka siku moja. Kila likiharibika, kambi italazimika kumwita fundi yule yule kutoka Tarime, kumlipa nauli na ujira, na yeye atakuja na kijana mmoja wa kumshikia ngozi mbichi wakati anaivuta. Mara ya kwanza kuitwa ilikuwa mwezi wa nne: uzi wa tatu ulikuwa umekatika, na ngozi ilikuwa imeanza kuchoka upande wa chini. Fundi alikwenda na mpwa wake. Alirudi akasema kijana anavuta vizuri, ila bado hajajua ni wakati gani wa kuacha kuvuta.